Kubana nafasi bila kumbana mgonjwa: sehemu za tiba za moduli zinavyopangwa

Niliwahi kukaa siku tatu pembeni ya kitanda cha mama mdogo, wodi yenyewe imegawanywa kwa mapazia, na kitu kilichonibaki kichwani baada ya pale ni kiti changu. Nesi anakuja na troli ya dawa, samahani naomba upishe kidogo, nanyanyuka, nabeba kiti natoka nje ya pazia. Anakuja wa kupima presha na mashine yake ya magurudumu, natoka tena. Wa usafi, natoka. Wa kuchukua damu, natoka, na huyu anafanya kazi ameinama kiuno kinamuuma kwa sababu miguu ya stendi ya dripu imemzuia kusogea karibu. Siku ya pili nikaanza kuhesabu, mpaka saa sita mchana nilikuwa nimenyanyuka mara 11. Sasa kilichonishangaza, upande wa pili wa kitanda kulikuwa na karibu mita nzima imekaa bure kabisa, haina soketi, haina oksijeni, ina kikabati tu ambacho mlango wake haufunguki mpaka kitanda kisogezwe.

Yaani nafasi ilikuwepo, ila ilikaa upande ambao hakuna mtu angeweza kuitumia. Na ndo maana nikisikia mtu anasema kituo chake ni kidogo inabidi kihame au kiongeze jengo, swali langu la kwanza ni hizo mita alizonazo zinafanya kazi saa ngapi kwa siku, na nani anazifikia. Mara nyingi kuna nafasi imelala humo ndani na haionekani kwenye ramani.

Tuanze na neno lenyewe, moduli, maana linachanganya. Ukilitaja, wengi picha inayowajia ni kontena limetobolewa madirisha likapakwa rangi nyeupe. Kontena ni aina moja tu, tena ina shida zake nitazisema. Moduli ni kipande kilichokamilika, chenye kipimo kinachojirudia na maungio yanayofanana na ya wenzake. Ukuta wa kichwani kwa mgonjwa unaotengenezwa kiwandani ukiwa na oksijeni, soketi, taa na kengele ya kumwita nesi, ukaja mzima ukafungwa, huo ni moduli. Kijichumba kizima cha tiba kinachoshushwa kwa kreni ni moduli. Hata troli ya kufungia vidonda ambayo kila chumba ina maegesho yake ya saizi ileile, mkono uleule, nayo ni moduli. Faida yake ni kwamba fundi akiitwa usiku chumba namba 7 anajua kila kitu kilipo kwa sababu alishatengeneza namba 3, na nesi aliyehamishwa zamu hapapasi ukuta kutafuta swichi.

Na wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, wanajeshi wa Uingereza waliolazwa hospitali ya Scutari walikuwa wanakufa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha, serikali yao ikamwomba Isambard Kingdom Brunel, injinia wa reli na madaraja, achore hospitali ya kutengenezwa Uingereza, ipakiwe kwenye meli vipande vipande ikaunganishwe Renkioi, karibu na mlango-bahari wa Dardanelles huko Uturuki. Alibuni jengo moja la mbao la wagonjwa 50, wodi mbili, vyoo vyake, feni yake ya kuingiza hewa, mfereji wake wa maji taka, halafu akalirudia hilohilo kando ya korido moja ndefu iliyoezekwa. Ukihitaji vitanda zaidi unarefusha korido unaongeza majengo. Ona kitu alichokataa kukitenganisha, hakuna kitanda kilichokwenda bila choo, hakuna wodi iliyokwenda bila hewa yake. Leo hii kuna watu wanauziwa vyumba vya moduli vinafika vizuri vinang'aa, halafu inagundulika maji taka hayana pa kwenda.

Miaka 165 baadaye, Wuhan, China, hospitali ya Huoshenshan ya vitanda 1,000 ilisimama kwa takriban siku 10 tu mwanzoni mwa 2020 kwa vyumba vilivyokuja tayari. Mwaka huohuo Italia, kundi la wabunifu akiwemo Carlo Ratti na Italo Rota walitengeneza CURA, ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ya wagonjwa wawili ndani ya kontena la meli, la kwanza likafungwa Turin. Na shirika la Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, lilikuwa limeshatumia hospitali ya mahema ya kujaza upepo baada ya matetemeko ya Pakistan 2005 na Haiti 2010. Hizi zote ni za dharura. Kinachonihusu mimi hapa ni kituo cha kawaida kinachotaka kuhudumia watu wengi zaidi kwenye sakafu ileile kila siku, ila somo la Brunel linabaki palepale.

Kitanda ndo kitu kidogo kuliko vyote

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kupima kitanda. Kitanda cha hospitali kina upana wa kama mita 1 na urefu wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo mtu anachora mstatili, anaongeza nusu mita huku na huku, anasema hapa vinaingia 12. Vinaingia kweli. Ila hakuna mtu anayeweza kufanya kazi.

Miongozo ya Uingereza inasema kazi nyingi zinazofanyika kitandani kwa mgonjwa zinahitaji eneo la mita 3.6 kwa 3.7, yaani mita za mraba zaidi ya 13. Ya Marekani kwa muda mrefu imeweka kama mita za mraba 7.4 kwa sehemu ya tiba ya mapazia kwenye idara ya dharura, na kama 18.6 kwa chumba cha ICU, na hapo wanahesabu sakafu iliyo wazi, makabati hayamo. Kila nchi ina sheria yake na kabla hujachora chochote itafute ya kwako. Ila muhimu ni kuelewa hizi namba zimetoka wapi, maana ukielewa ndo utajua ni wapi unaweza kubana na ni wapi ukibana utaua mtu.

Zimetoka kwenye miili ya watu wanaofanya kazi. Fikiria mgonjwa moyo umesimama. Mmoja anakandamiza kifua, amepanda kijingazi kwa sababu kitanda kiko juu. Mmoja yuko kichwani anampulizia hewa kwa mfuko, maana yake kitanda kimevutwa kutoka ukutani angalau sentimita 60 ili mtu mzima asimame pale nyuma. Mmoja anatafuta mshipa mkono wa pili. Troli ya dharura na mashine ya kushtua moyo imeingia, haiwezi kukaa mlangoni kwa sababu waya haufiki. Mmoja anaandika dawa na saa. Hapo una watu watano au sita na troli, wanapishana, na dakika hiyo ndo inayopima chumba chako. Siku nyingine zote chumba kitaonekana kikubwa bure.

Sasa je, kila sehemu ya tiba iwe kubwa kiasi hicho? Hapana, na hapa ndo ubunifu unapoanza. Unaweza kuazima nafasi. Sehemu mbili za mita 3 kwa 3 zikitenganishwa na ukuta wa kukunja, siku ya kawaida una wagonjwa wawili, siku mbaya unakunja ukuta una mita za mraba 18, karibu sawa na chumba cha ICU. Masharti ni mawili, ukuta ukunjwe na mtu mmoja kwa sekunde chache, na jirani awe mtu anayeweza kuhamishwa haraka. Kwa hiyo unapangilia wagonjwa pia, anayetishia kuzidiwa unamweka jirani na aliyekuja kuchomwa sindano akiwa amekaa kwenye kiti, usiwaweke wawili mahututi upande kwa upande halafu ukategemea kuazimana. Unaweza pia kuazima korido kwa milango mipana ya kuteleza inayofunguka yote, miguu ya kitanda ikatokeza nje kwa dakika chache. Kuta, mapazia na milango ukivipanga kwa akili hiyo unajikuta umepata mita ambazo hukununua.

Kwenye mlango hapohapo, mlango wa kawaida wa upana wa mita 1 unapofunguka unafagia robo duara, kama mita za mraba 0.79 ambazo huwezi kuweka kitu chochote milele. Mlango wa kuteleza unakurudishia karibu zote. Ila kwa chumba cha kutenga mgonjwa wa TB au ugonjwa mwingine wa hewa mlango wa kuteleza wa kawaida una mianya pembeni, hewa inapita, hapo tafuta ule unaojibana ukifungwa au ubaki na wa bawaba.

Kinachokaa, kinachotembea, kinachoshirikiwa

Chukua kitabu, kaa pale kwenye sehemu ya tiba zamu nzima, andika kila kitu kilichogusa sakafu. Utashangaa. Stendi moja ya dripu yenye miguu mitano ina kipenyo cha kama sentimita 60, inakula mita za mraba 0.28. Monita kwenye magurudumu, pampu, mtungi wa oksijeni kwenye kigari chake, mashine ya kufyonza majimaji, ukiviweka pamoja umepoteza zaidi ya mita moja ya mraba, na waya zake zinapita njiani zinatega watu. Vitu hivyohivyo ukivitundika kwenye reli ya ukutani au ya darini sakafu inabaki tupu na mopu inapita moja kwa moja.

Ndo maana ile paneli ya kichwani ndo kipande ninachosema utumie hela hapo kabla ya pengine popote. Oksijeni, mfyonzo, hewa ya tiba, soketi za kutosha pande ZOTE mbili, taa ya kuchunguzia, reli. Soketi za upande mmoja ndo zilizokuwa zinaninyanyua mimi mara 11. Ukitaka reli au mkono wa kubeba vifaa kutoka darini sawa, ni nzuri sana, ila muulize injinia mapema maana mikono ile ni mizito na paa jepesi la chumba cha moduli mara nyingi halikuundwa kubeba, inabidi fremu ya chuma ishuke mpaka sakafuni, na hiyo ukiikumbuka baada ya chumba kufika umeshachelewa.

Makabati sasa. Najua kila nesi anataka vitu karibu na ana haki, kutembea mita 20 kutafuta gozi kila saa ni mateso. Lakini kabati kubwa kila sehemu ya tiba lina mambo mawili mabaya, linajaa vitu vinavyoisha muda humo ndani bila mtu kujua, na akilala mgonjwa mwenye vijidudu sugu unalazimika kutupa vingi vilivyokuwa wazi humo. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni droo ndogo ya vitu vya zamu moja tu pale kitandani, halafu troli za kazi maalumu, ya mishipa, ya vidonda, ya dharura, moja kwa sehemu nne hivi. Na kila troli iwe na maegesho yake yamechorwa kwenye ramani kabisa, kishimo ukutani cha sentimita 60 kinatosha. Troli isiyo na maegesho huishia koridoni, na korido ikijaa troli stretcha haipiti, basi nafasi yote uliyobana chumbani umeilipia nje.

Upande wa maji kuna kanuni moja inayosaidia sana, chenye maji kikae, kikavu kitembee. Mfano mzuri ni kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Kipindi kimoja kwa kawaida ni kama saa 4, mashine inapitisha maji yaliyosafishwa kama mililita 500 kwa dakika, piga hesabu utapata lita 120 kwa mgonjwa mmoja kwa kipindi kimoja, yanaingia na yanatakiwa kutoka. Huwezi kuwa na kitu kama hicho kwenye magurudumu unakisogeza sogeza kila wiki. Kwa hiyo moduli pale ni kijisanduku cha ukutani chenye bomba la kuingia, la kutoka na soketi, kinajirudia kwa umbali uleule ukuta mzima, na kiti, meza, kizuizi cha pembeni vyote vinaweza kuhama. Ukipanga sehemu mbili mgongo kwa mgongo zinatumia ukuta mmoja wa mabomba, unaokoa unene wa ukuta na hela za fundi bomba. Gharama yake ni kwamba vyumba vinakuwa kama picha kwenye kioo, kimoja oksijeni iko kulia kingine kushoto, na kuna hospitali zinataka vyote vifanane mkono mmoja ili wafanyakazi wasichanganye. Mimi naona kwa sehemu za tiba ya haraka kufanana ni bora, kwa sehemu za kukaa muda mrefu zenye maji mengi kugawana ukuta ni bora. Wengine watabisha.

Sinki pia usilisukume tu kona iliyobaki. Likiwa mbali watu hawanawi, likiwa limeegemea meza ya kuandalia dawa maji yanaruka na vijidudu vya kwenye tundu la sinki vinaruka nayo. Liweke kwenye njia ya kutokea, mbali na meza ya dawa au uweke kizuizi katikati, na dawa ya kusugulia mikono iwe pale kitandani anapofika mkono.

Ukuta unahama, hewa haihami nao

Hili ndo naona halisemwi vya kutosha. Raha ya kuta za moduli ni kwamba unaweza kuzisogeza, leo vyumba 4 kesho 6. Lakini tundu la hewa safi na tundu la kutolea hewa chafu viko darini, havikusogea. Unagawa chumba kimoja kuwa viwili, nusu moja inabaki na tundu la kuingiza, nusu nyingine na la kutoa, na sasa mgonjwa wa kwanza anakohoa hewa yake inapita chini ya kizuizi inaenda kutolewa kwa mgonjwa wa pili. Hakuna anayeiona. Kwenye ramani kila kitu kinapendeza.

Hewa inapimwa kwa mara ngapi inabadilishwa kwa saa. Kwa vyumba vya kutenga magonjwa ya hewa kiwango kinachotumika sana ni mara 12 kwa saa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.7, ni mita za ujazo 32.4, mara 12 inakuja karibu 389 kwa saa ambazo feni lazima iziondoe, chumba kimoja hicho. Na shinikizo la ndani liwe chini kuliko la korido, angalau paskali 2.5, kidogo sana hicho lakini kinatosha kuifanya hewa iingie isitoke. Njia rahisi ya kuangalia kila siku ni kipande chepesi cha tishu chini ya mlango, kikivutwa kuelekea ndani sawa, kikipeperuka kuja nje mgonjwa anapumulia korido yako.

Halafu kuna kitu ambacho kilinibadilisha mawazo kabisa kuhusu hewa na nafasi. Mgonjwa wa ugonjwa wa hewa akitoka, chumba hakiruhusiwi kupokea mwingine mpaka hewa isafike. Kwa mabadiliko 6 kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya chembe kunachukua kama dakika 46. Kwa 12, dakika 23. Kwa hiyo feni nzuri inakupa dakika 23 kila mgonjwa anapotoka, wakitoka wanane kwa siku ni zaidi ya saa 3 za chumba kilekile. Hujajenga kitu.

Mapazia nayo tuyaseme ukweli. Ni rahisi na yanakunjika, ila sauti inapita kama hakuna kitu, mgonjwa anaulizwa habari za siri zake na jirani anasikia kila neno, kwa hiyo anadanganya au ananyamaza, na daktari anatibu kwa taarifa pungufu. WHO ilishapendekeza kelele za usiku wodini zisizidi desibeli 30, wodi ya mapazia haiwezi kufika huko. Tafiti pia zimeonyesha pazia jipya linaweza kubeba vijidudu hatari ndani ya wiki moja tu kwa sababu kila mtu analishika. Mpangilio ninaoupenda ni kizuizi kigumu kati ya mgonjwa na mgonjwa, kinachofutika, sentimita chache tu za unene, na pazia libaki mbele peke yake tena la kubadilishwa mara kwa mara.

Kontena, kwa wanaolifikiria

Kontena la meli kwa nje lina upana wa mita 2.44, ndani kama 2.35, na hapo hujaweka kitu cha kuzuia joto. Chuma hicho kikipigwa na jua kinakuwa tanuri, kwa hiyo lazima uweke, na kila ukuta unakula sentimita 5 mpaka 10. Umebaki na kama 2.2. Weka kitanda kwa urefu katikati, una sentimita 60 kila upande, nesi anapita kwa ubavu. Weka kwa upana, miguu inagusa ukuta hakuna anayepita. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 kugeuka, tafuta utaweka wapi. Ndo maana wanaofanya vizuri wanaunganisha mawili au matatu ubavu kwa ubavu na kutoa kuta za katikati, ila zile kuta za bati lililokunjwa ndo zinazolipa kontena ugumu wake, ukizikata lazima uweke fremu za chuma, na hapo bei ya kontena la rahisi imeshapanda kimya kimya. Kwa kliniki ya kukaa kwenye kiti, maabara ndogo, stoo, famasi, kontena moja linatosha vizuri tu. Kwa kitanda, pima mara mbili.

Mita za mraba na saa

Turudi kwenye muda maana nadhani ndo nafasi kubwa kuliko zote iliyojificha. Kuna hesabu rahisi sana, idadi ya wagonjwa waliopo kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia 6 kwa saa na kila mmoja anakaa dakika 40, sehemu 4 zimejaa muda wote. Usijenge 4 lakini, wagonjwa hawaji kwa foleni iliyonyooka, wanakuja watano kwa mpigo halafu kimya, na kadiri unavyokaribia kujaa kabisa ndivyo foleni inavyolipuka, kwa hiyo utataka 5 au 6.

Sasa zigawe zile dakika 40. Tuseme 15 kati ya hizo mgonjwa amelala tu anasubiri majibu ya damu, mzima wa kukaa, anachati na simu. Mtoe kitandani mpeleke kwenye kiti kizuri cha kuegemea, pembeni, anapoonekana na nesi. Kitanda sasa kinatumika dakika 25, mara 6 kwa saa, ni 2.5 badala ya 4. Umetoa kitanda kimoja na nusu ukaweka viti viwili. Kiti kinahitaji sakafu ndogo sana kuliko kitanda, na watu wengi wenye nguvu zao wanapendelea kukaa kuliko kulazwa wakitazama dari. Hakuna ukuta uliosogezwa. Hii ya viti inawashinda wengi kwa sababu ya mazoea, mgonjwa akishapewa kitanda anahisi ni chake, kwa hiyo mwambie tangu mlangoni kwamba kitanda ni cha kuchunguziwa na kiti ni cha kusubiria.

Kuna muda mwingine mrefu zaidi, wa miaka. Hospitali ya Inselspital jijini Bern, Uswisi, ilipojenga jengo lake la INO, walitenganisha mradi kwa matabaka, kwanza mifupa ya jengo yaani nguzo na sakafu ya kudumu vizazi, halafu kuta za ndani na mabomba, halafu vifaa na fanicha zinazobadilika kila baada ya miaka michache, na kila tabaka likashughulikiwa peke yake ili kubadilisha la juu kusilazimishe kuvunja la chini. Kituo kidogo kinaweza kuiga hili bila bajeti ya Uswisi. Usizike bomba la oksijeni ndani ya ukuta ambao unajua utauhamisha, lipitishe juu kwenye njia inayofunguka. Usiweke nguzo katikati ya chumba kuokoa chuma leo. Acha paneli moja ya umeme na nafasi mbili tatu tupu.

Na kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza kwa kiwanda, chora chumba sakafuni kwa tepu, saizi halisi. Ukuta fanya kwa maboksi yaliyobebana, leta kitanda cha kweli, troli ya kweli, stendi ya kweli. Waite wanaofanya kazi, hasa nesi wa usiku anayekuwa peke yake, msukuma stretcha, na wa usafi. Waambie mgonjwa moyo umesimama, haya fanyeni, na wewe kaa pembeni uangalie maboksi yapi yanaanguka. Kila boksi lililoanguka ni ukuta uliokaa vibaya na umeugundua kwa bei ya tepu. Muulize wa usafi mopu inafika wapi, atakuonyesha mwanya wa sentimita 5 nyuma ya kabati ambao hakuna mchoraji aliyeuona na ambao utakusanya uchafu miaka kumi. Muulize wa stretcha anageukia wapi.

Halafu wewe mwenyewe lala kitandani dakika 30. Angalia taa kama inakupiga machoni, angalia kama unaona dirisha, maana utafiti wa Roger Ulrich uliotoka 1984 ulionyesha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo wakalala wanaona miti walitoka mapema na kutumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliokuwa wanaona ukuta wa matofali. Nyoosha mkono uone kama kengele inafika bila kujipinda. Na mtu mmoja akae na kiti pembeni yako kama anayekuuguza, zamu ya majaribio iendelee, troli ije, presha ije, damu ije, mhesabu amenyanyuka mara ngapi. Kiti cha kukunja kilichofungwa ukutani upande wa miguuni, kwenye pembe isiyopitwa na troli, kinahitaji kama sentimita 50 tu.